Kuanza mchezo wa vita vya sanamu: mwongozo kamili wa Kings of War kwa asiye na jeshi bado

Wengi wanaotamani michezo ya vita vya sanamu, yaani vita vinavyochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari, huishia kwenye picha. Wanaona meza ndefu yenye vilima na magofu, safu za askari wenye mikuki, joka limetandaza mbawa juu ya wote. Kisha wanatazama bei, wanapiga hesabu ya usafirishaji na ushuru, wanafunga ukurasa. Mwongozo huu ni wao. Njia ninayoieleza inaanza na kadibodi, dadu na tepu ya fundi cherehani, na unaweza kucheza wiki hii hii. Sanamu zitakuja baadaye, ukishajua unazitaka zipi na kwa nini.

Mchezo wenyewe ni Kings of War, wa kampuni ya Mantic Games ya Nottingham, Uingereza. Nottingham ndiyo makao pia ya Games Workshop, wenye Warhammer, jina kubwa kuliko yote katika michezo hii. Sanamu za Warhammer ni nzuri kwelikweli, sina neno nazo. Lakini kwa mtu anayeanzia Arusha, Kisumu au Bujumbura, Kings of War ina sifa moja ambayo kwangu inamaliza mjadala: kikosi kinahesabiwa kuwa kitu kimoja. Askari hawaondolewi mmoja mmoja wanapokufa. Kikosi kinabaki mezani kikiwa kizima, kikikusanya majeraha, mpaka moyo ukivunjika ndipo kinaondolewa chote kwa pamoja. Maana yake ni kwamba kinachofanya kazi mezani ni umbo la mstatili lenye vipimo sahihi. Juu ya mstatili huo unaweza kupanga sanamu ishirini zilizopakwa rangi kwa uangalifu, au ukaandika tu jina la kikosi kwa kalamu. Drafti ya barazani huchezwa kwa vizibo vya soda na hakuna anayesema si drafti. Hapa nako ni vivyo hivyo.

Hatua ya 1: Pata sheria, na mtu wa kucheza naye

Mantic imekuwa ikitoa sheria za kuanzia bure mtandaoni, na ina programu iitwayo Mantic Companion ya kupangia jeshi. Anza na hizo. Kitabu kinunue baadaye, ukishacheza vya kutosha kujua kwamba mchezo umekuingia.

Maelezo ya hapa nimeyajenga juu ya toleo la tatu, lililotoka 2019. Kampuni hutoa matoleo mapya na kurekebisha namba za vikosi, kwa hiyo jambo la lazima ni wewe na mwenzako kusoma toleo moja. Ugomvi mwingi wa mezani hutokana na watu wawili kukumbuka matoleo mawili tofauti.

Kuhusu mwenzako: usisubiri umpate mtu ambaye tayari ana jeshi. Huenda hayupo mtaani kwenu. Tengeneza majeshi mawili madogo, ukae nayo wewe, umkaribishe rafiki, ndugu au mtoto wa shule ya sekondari anayependa hadithi za mazimwi. Mgeni anayepewa jeshi tayari na kuelezwa sheria palepale hukaa chini acheze. Mgeni anayeambiwa akanunue kwanza hutamuona tena.

Hatua ya 2: Kata jeshi la kadibodi

Unahitaji boksi gumu, rula yenye milimita, kisu cha kukatia karatasi na kalamu. Vipimo hutegemea kitako cha askari mmoja. Askari wa miguu wa kawaida husimama kwenye kitako cha milimita 20 kwa 20, na vikosi vyake ni vya aina tatu:

- kikosi kidogo cha askari 10: upana milimita 100, kina 40
- kikosi cha kati cha askari 20: upana 100, kina 80
- kikosi kikubwa cha askari 40: upana 200, kina 80

Askari wakubwa kidogo, kama Orcs (viumbe wakali wa hadithi), husimama kwenye kitako cha milimita 25, kwa hiyo kikosi chao cha kati kina upana wa 125 na kina cha 100. Wapanda farasi kumi wana vipimo hivyo hivyo, 125 kwa 100, na watano ni 125 kwa 50. Majitu kama Ogres hukaa kwenye kitako cha milimita 40: watatu ni 120 kwa 40, sita ni 120 kwa 80.

Kwa jeshi la kujifunzia kata vikosi viwili vya kati vya miguu, kikubwa kimoja, vidogo viwili, wapanda farasi kumi na shujaa mmoja. Andika jina la kikosi juu, kisha chora mshale mzito upande wa mbele. Mshale huo usiuache, kwa sababu kila kitu katika mchezo huu kinategemea kikosi kimeelekea wapi. Weka pia nukta katikati ya ukingo wa mbele, utaihitaji wakati wa kupima. Ukipata mabaki ya plaiwudi nyembamba kwa seremala, akukatie vipimo hivyo hivyo: vibao hivyo vitakuja kubeba sanamu zako, na kazi ya kukata utakuwa umeshaimaliza.

Dadu ni zile za kawaida za pande sita. Ukiwa nazo ishirini mchezo unakwenda vizuri. Ukiwa nazo sita utarusha mara nyingi zaidi tu. Umbali hupimwa kwa inchi, na tepu ya fundi cherehani ina inchi upande mmoja, kwa hiyo huna sababu ya kuagiza kipimo maalumu. Uwanja kamili ni futi 6 kwa 4. Kwa majeshi madogo futi 4 kwa 4 zinatosha, hata sakafuni.

Hatua ya 3: Chagua majeshi mawili

Majeshi ni mengi, nami nisingependa uyasome yote kabla ya kucheza. Kingdoms of Men ni watu wa kawaida wenye kila kitu kidogokidogo: mikuki, pinde, farasi. Ndilo jeshi bora la kujifunzia. Dwarfs, mbilikimo wa hadithi, wana mwendo wa polepole na ulinzi mgumu, wanasamehe makosa. Elves, viumbe wa hadithi wenye masikio marefu, wana kasi na shabaha, lakini ni ghali kwa pointi (gharama ya kila kikosi unapopanga jeshi, si fedha), kwa hiyo unakuwa na vikosi vichache ambavyo huwezi kuvipoteza ovyo. Orcs hupiga sana. Goblins, vijizimwi vidogo, ni wengi, rahisi, na hutimka upesi. Undead, jeshi la wafu, lina askari wengi wasioweza kwenda mbio bila mchawi wa kuwasukuma. Wanavutia, ila waweke kando mpaka uzoee mwendo.

Kama muda wako ni mdogo na unajua kupaka rangi sanamu mia kutakushinda, tazama Ogres. Kikosi kizima ni majitu matatu au sita.

Kwa mechi za kwanza mimi ningeweka Kingdoms of Men dhidi ya Orcs. Tofauti yao inaonekana hata kwa mgeni.

Hatua ya 4: Soma namba za kikosi

Kila kikosi kina mstari wa namba. Sp ni kasi kwa inchi. Me ni namba ambayo dadu lazima ifikie ili pigo la ana kwa ana limpate adui, na Ra ni hivyo hivyo kwa mishale. De ni ulinzi: namba ambayo adui lazima aifikie ili pigo lililokupata likujeruhi. Att ni idadi ya dadu unazorusha. Ne ni moyo wa kikosi, nao huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 13/15.

Tuchukue mfano. Kikosi chako kina Att 12 na Me 4+. Adui ana De 5+ na moyo wa 13/15. Unamvamia kutoka mbele. Unarusha dadu 12, na zenye 4 au zaidi zinahesabiwa: kwa wastani 6. Hizo 6 unazirusha tena, safari hii ukitafuta 5 au zaidi: kwa wastani 2. Adui ana majeraha 2, weka dadu au mbegu pembeni yake kuyaonyesha.

Sasa mtihani wa moyo. Unarusha dadu mbili, unajumlisha na majeraha. Jumla ikifikia 13, kikosi kinayumba: zamu yake ijayo hakiwezi kushambulia. Ikifikia 15, kinatimka na kuondolewa mezani. Kwa majeraha 2 kumtimua haiwezekani kabisa, maana dadu mbili haziwezi kutoa 13.

Rudia shambulio hilo hilo kutoka ubavuni. Sheria inakupa dadu mara mbili: 24 badala ya 12. Wastani wa majeraha unakuwa 4, na sasa unahitaji 11 ili atimke, bahati ambayo hutokea mara moja katika kumi na mbili. Mvamie kutoka nyuma na unapata mara tatu: dadu 36, majeraha 6, unahitaji 9 tu, na hiyo hutokea zaidi ya mara moja katika kila majaribio manne. Kumyumbisha hapo ni zaidi ya nusu kwa nusu. Askari ni wale wale na silaha ni zile zile. Kilichobadilika ni upande waliotokea. Namba hizi zikikukaa kichwani, umeshaelewa sehemu kubwa ya Kings of War.

Jambo jingine linalowashangaza waliocheza michezo mingine: katika zamu yako, adui unayempiga harudishi. Anasubiri zamu yake, na kama hajayumba au kutimka, ndipo anakuvamia yeye. Hivyo anayevamia kwanza ana faida kubwa, na asiyemvunja adui lazima ajiandae kupokea.

Hatua ya 5: Cheza mechi ya kwanza

Msianze na jeshi kamili. Vikosi vitatu au vinne kila upande, bila uchawi, bila mitambo ya kurushia mawe. Wekeni vitabu viwili vikubwa viwe vilima na kitambaa cha kijani kiwe msitu. Pangeni vikosi kwa kupokezana, kimoja kimoja, ndani ya inchi 12 kutoka ukingo wenu. Kati ya majeshi panabaki inchi 24.

Zamu ina sehemu tatu: kusogea, kurusha mishale, kupigana. Kikosi hupewa amri moja ya kusogea. Kinaweza kusimama, kugeuka mahali pake, kwenda mbele kwa kasi yake kikigeuka mara moja hadi nyuzi 90, kurudi nyuma au kwenda pembeni kwa nusu ya kasi, kwenda mbio moja kwa moja kwa mara mbili ya kasi, au kuvamia. Kuvamia pia ni hadi mara mbili ya kasi, na ndiyo njia pekee ya kumkaribia adui chini ya inchi 1. Waliokwenda mbio hawarushi mishale. Waliosogea wanarusha kwa kupunguziwa 1 kwenye shabaha.

Kupima kunaruhusiwa wakati wowote, na hapa ndipo akili ya mchezo ilipo. Askari wa miguu mwenye kasi 5 anavamia inchi 10. Mpanda farasi mwenye kasi 8 anavamia 16. Ukimsimamisha askari wako inchi 11 mbele ya adui wa kasi 5, hawezi kukugusa. Naye akisogea inchi chache mbele katika zamu yake, ameingia ndani ya masafa yako na wewe ndiye utakayevamia kwanza. Inchi moja hiyo ndiyo watu wanayoigombania mechi nzima. Kabla ya kukisogeza kikosi chochote, jiulize mambo mawili: hapa nitakapoishia, nani anaweza kunifikia? Na akinifikia, atatokea upande gani? Upande wa shambulio huamuliwa na mahali alipo mshambuliaji anapopewa amri, si mahali anapogusia, kwa hiyo hawezi kuzunguka dakika ya mwisho na kudai ubavu wako.

Vikosi vidogo vina kazi kubwa hapa kuliko vinavyoonekana. Kiweke kimoja kwa mshazari mbele ya kikosi kikubwa cha adui, karibu sana. Sasa adui ana njia mbili tu: akae palepale, au akivamie hicho kidogo na kuishia akiwa amekupa ubavu. Ni kafara, lakini ni kafara ya pointi chache inayonunua mara mbili ya dadu. Wachezaji wazuri wa Kings of War utawatambua kwa jinsi wanavyotumia vikosi vyao vya bei ndogo.

Msitu na mawe hupunguza kasi: huwezi kwenda mbio ndani yake, na anayevamia kwa kupita humo anapunguziwa 1 kwenye mapigo. Ukuta nao ni hivyo. Hivyo mkiwa dhaifu, simameni nyuma ya kizuizi.

Mechi ni zamu sita kwa kila mtu. Mwishoni rusheni dadu moja. Ikitoa 4 au zaidi, mnacheza ya saba. Kwa mechi ya kwanza anayewaangamiza wengi zaidi ndiye mshindi. Ya pili chezeni ile ambayo mshindi ni mwenye vikosi vyenye jumla kubwa zaidi ya nguvu (namba iliyoandikwa kwa kila kikosi) ndani ya inchi 12 za kitovu cha uwanja, kwa sababu inawalazimisha wote wawili kutoka kwenye pembe zao.

Hatua ya 6: Nunua kwa mpango

Ukishacheza mechi kadhaa za kadibodi utakuwa unajua mambo ambayo picha hazikuambii: kama unapenda kuvamia au kungoja, kama farasi wanakufurahisha, kama jeshi ulilolipenda kwa sura unalipenda pia mezani. Hapo ndipo fedha itoke.

Panga orodha ya pointi 1,000 kwanza. Vikosi vya kati na vikubwa ndivyo vinavyofungua nafasi ya vidogo, mashujaa, majitu na mitambo, hivyo jeshi haliwezi kuwa la mashujaa watupu. Nunua hicho kilichomo kwenye orodha, usinunue sanduku kwa sababu limepunguzwa bei. Mkiwa watu wawili au watatu, agizeni pamoja, kwani mzigo mmoja hugawana gharama ya usafiri. Kama una ndugu anayekuja kutoka Uingereza, Ulaya, Ghuba au Marekani, sanamu zikiwa bado kwenye fremu zake za plastiki ni nyepesi na hazivunjiki ovyo ndani ya begi. Ulizia kiwango cha ushuru kabla mzigo haujaondoka, siyo umefika.

Si lazima sanamu ziwe za Mantic. Ukubwa wa kawaida ni milimita 28, na kampuni nyingi hutengeneza kwa kipimo hicho. Mwenye mashine ya kuchapisha ya 3D mjini kwenu naye anaweza kukusaidia. Majitu na mashujaa hutoka vizuri sana kwa rezini. Rezini mbichi isishikwe bila glavu, na chumba kiwe na hewa.

Halafu kuna neema nyingine ya vibao. Kwa kuwa kibao ndicho kikosi, huhitaji kukijaza. Sheria zina idadi ya chini ya sanamu, ndogo kuliko ile kamili, na nafasi inayobaki unaipamba kwa jiwe, kisiki, bendera iliyoanguka. Kikosi cha hivyo mara nyingi hupendeza kuliko kilichobanana.

Hatua ya 7: Unganisha na upake rangi

Kata vipande kwenye fremu kwa koleo dogo la kukatia waya, usivivunje kwa mkono. Kwaruza alama kwa kisu au msasa laini. Plastiki ngumu hushikana vizuri kwa gundi maalumu ya plastiki inayoiyeyusha kidogo. Rezini na chuma vinataka supaglu. Jaribu mkono na ngao kwanza bila gundi.

Rangi ya msingi ya kupuliza iwekwe kwenye siku kavu, kivulini, kutoka sentimita 20 hadi 30, kwa mipulizo mifupi inayopita. Pwani, unyevunyevu ukiwa mwingi, rangi hiyo huacha ungaunga juu ya sanamu. Ngoja jua lipande, mvua iwe mbali, au paka msingi kwa brashi.

Kisha akriliki. Punguza kwa maji kidogo na upake tabaka mbili nyepesi kuliko moja nzito, vinginevyo sura na mikunjo ya nguo itazibwa. Joto letu hukausha rangi upesi. Weka tishu iliyolowa kwenye kifuniko cha chombo cha plastiki, juu yake karatasi ya kuokea, na changanya rangi hapo. Itabaki mbichi saa nyingi.

Kwa jeshi zima fuata mpangilio mmoja: rangi bapa za kila sehemu, rangi nyepesi ya kivuli inayotiririka kwenye mikunjo, ikikauka pitisha brashi iliyofutwa karibu kukauka kwenye kingo tu, kwa rangi ile ya kwanza iliyong'arishwa kidogo. Deraya hupendeza mno kwa njia hii: fedha, kivuli cha kahawia iliyokolea, fedha tena kwenye kingo. Fanya askari kumi kwa mkupuo, ngozi zote, kisha nguo zote, kisha vyuma vyote. Nguvu yako iweke kwenye safu ya mbele na bendera. Walio katikati hakuna atakayewaona nyuso.

Hatua ya 8: Jenga uwanja

Hapa tuna vitu ambavyo wenzetu wa mbali huvinunua kwa pakiti. Kamba ya mkonge ikikatwa vipande vya sentimita moja na kusimamishwa kwenye gundi nyeupe ya mbao inakuwa nyasi ndefu. Unga wa mbao kutoka kwa seremala, ukichovywa kwenye rangi ya kijani na kuanikwa, unakuwa nyasi fupi. Mchanga wa mto, uliochujwa na kukaushwa, unatosha kwa vitako vyote. Makumbi ya nazi yanafaa kwa mizizi na vichaka.

Vilima vichongwe kwenye povu jeupe linalokuja na televisheni mpya. Lipake kwanza gundi iliyochanganywa na rangi ya maji, kwa sababu rangi ya kupuliza ikiligusa likiwa tupu italiyeyusha. Viwe na miteremko ambayo kibao kinaweza kusimama bila kuteleza. Msitu ufanye bamba lenye mipaka inayoonekana, na miti yake iwe ya kuinuliwa, ili kikosi kikiingia uitoe na kuweka kibao.

Vilima viwili, misitu miwili, ukuta na kidimbwi vinatosha uwanja wa futi 4 kwa 4. Mkifika pointi 2,000 ongezeni meza hadi futi 6, ingizeni uchawi na mitambo kitu kimoja kwa kila mechi, na wekeni saa ya sataranji pembeni, kila mtu na dakika zake, kwa sababu kufikia hapo mtakuwa mnapima kila inchi na usiku utawakuta mezani.